Mario 2 ya kweli ni ipi? Jibu kwa msomaji wa Igoma

Swali: Shikamoo kaka. Mimi na kaka yangu tumebishana hadi mama ametutoa sebuleni. Yeye alikulia kwenye vibanda vya gemu pale Mabatini, na anasema Super Mario Bros. 2 ni ile inayofanana na ya kwanza, yenye uyoga wa sumu na upepo unaokusukuma. Mario 2 niliyonayo mimi kwenye simu ni ya kung'oa mboga ardhini na kuwapiga nazo maadui. Kaka anasema yangu ni feki. Mtandaoni nako nimekuta wachezaji wengine wanasema hiyo ya mboga siyo Mario kabisa, na wengine wanaisifu mno. Nani kati yetu yuko sahihi? Na gemu yenyewe ni nzuri au mbaya? Nauliza kwa sababu nataka kumwanzishia mwanangu wa miaka 8. (Msomaji, Igoma, Mwanza)

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mwambie mama awarudishe sebuleni, maana wote wawili mko sahihi. Nintendo wenyewe, kampuni ya Kijapani inayotengeneza Mario, walitoa gemu mbili tofauti kabisa kwa jina hilo hilo la Super Mario Bros. 2. Ya kaka yako ilitoka Japani tarehe 3 Juni 1986. Ya kwako ilitoka Marekani mwaka 1988. Hakuna aliyecheza feki, ingawa kaseti aliyochezea kaka yako Mabatini karibu hakika haikutoka kiwandani kwa Nintendo. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini watu wa rika lake hapa Mwanza wana msimamo mkali namna hiyo.

Tuanze na ya kaka. Mario ya kwanza ilitoka Septemba 1985 kwa konsoli ya Famicom, ikapendwa kupita kiasi. Februari 1986 Nintendo wakaleta Disk System, kifaa kinachokaa chini ya Famicom na kusoma diski badala ya kaseti. Walihitaji gemu ya kuwafanya watu wakinunue, na wateja waliokuwa nao ni wale walioimaliza Mario ya kwanza mpaka wakaikariri. Takashi Tezuka na wenzake wakachukua injini ile ile (programu ya msingi inayoendesha gemu) na picha karibu zile zile, wakatengeneza leveli mpya za kuwatesa hao hao. Hata boksi lake lilitangaza kwamba ni ya wachezaji waliobobea. Kwenye leveli ya kwanza kabisa unagonga tofali, uyoga unatoka, unaukimbilia kama ulivyozoea, na uyoga huo unakupunguza au kukuua. Leveli ya 3-1, yaani ulimwengu wa tatu leveli ya kwanza, ina bomba la siri linalokurudisha ulimwengu wa kwanza. Mbele zaidi kuna upepo, na kuna springi zinazokurusha mpaka unatoka juu ya skrini, ukabaki kukisia utadondokea wapi. Luigi, ndugu yake Mario, naye kwa mara ya kwanza akawa na mwili wake: anaruka juu kuliko Mario, lakini akisimama anateleza.

Gemu hiyo ilipofika ofisi za Nintendo ya Marekani, aliyekuwa akizipima gemu huko, Howard Phillips, aliicheza akaiona ni adhabu. Soko la Marekani lilikuwa ndiyo kwanza linafufuka, na hawakutaka mtoto aliyeipenda ya kwanza apokelewe na ya pili kwa kofi. Wakaikataa. Ikabaki Japani hadi 1993, ilipoingizwa kwenye mkusanyiko wa Super Mario All-Stars wa konsoli ya Super Nintendo ikiitwa The Lost Levels. Kaka yako akitafuta kwa jina hilo ataipata mara moja.

Sasa Marekani wakabaki na soko linalodai Mario 2 na hawana cha kulipa. Suluhisho lilikuwepo Japani, kwenye diski nyingine iliyotoka tarehe 10 Julai 1987: Yume Kōjō: Doki Doki Panic. Ilitengenezwa pamoja na kituo cha Fuji Television kutangaza maonyesho yao makubwa ya mwaka huo, na wahusika wake walikuwa familia iliyobuniwa kwa ajili ya maonyesho hayo: kijana Imajin, Lina, Mama na Papa. Aliyeiongoza ni Kensuke Tanabe. Nintendo wakaichukua, wakaweka Mario mahali pa Imajin, Luigi mahali pa Mama, Toad, yule mdogo mwenye kichwa cha uyoga, mahali pa Papa, na binti mfalme mahali pa Lina. Taa ya kichawi ikawa chupa ya dawa. Vichwa vya kurusha vikawa magamba ya kobe. Wakaongeza kitufe cha kukimbia, wakamfanya mchezaji apungue umbo akikaribia kufa, na mahali ambapo panya Mouser alikuwa anarudi kupigana kwa mara ya tatu wakaweka bosi mpya, kaa anayeitwa Clawgrip. Hiyo ndiyo iliyo kwenye simu yako.

Hapo ndipo neno "feki" lilipopata nguvu mtandaoni. Mtu anasoma kwamba Mario 2 ilikuwa gemu nyingine iliyovishwa nguo za Mario, anafunga hesabu: basi siyo Mario. Mimi hoja hiyo naikataa, na nina sababu zangu.

Kwanza, Doki Doki Panic haikuokotwa kwa jirani. Imetoka nyumba ile ile. Shigeru Miyamoto alikuwemo, na muziki ni wa Koji Kondo, aliyetunga ule wa Mario ya kwanza. Wazo lenyewe lilianza kama jaribio la gemu ya wachezaji wawili wanaopanda kwenda juu, wakibebana na kurushiana matofali ili wapande zaidi. Miyamoto ndiye aliyeshauri waongeze mambo ya kimario, mchezaji aende pia kushoto na kulia. Hata kabla jina la Mario halijabandikwa, ile diski ya 1987 ilikuwa tayari na nyota ya kukufanya usiguswe, sarafu, na tofali la POW. Damu ya Mario ilikuwemo kabla ya jina lake.

Pili, Wajapani wenyewe waliipokea. Mwaka 1992 Nintendo waliitoa Japani kama kaseti ya Famicom, wakaiita Super Mario USA. Na viumbe wake hawakuondoka. Shy Guy mwenye barakoa, Birdo anayetema mayai, Bob-omb lile bomu linalotembea, wote walizaliwa kwenye Doki Doki Panic, na leo ukiwatoa kwenye gemu za Mario watu wataandamana. Bob-omb alikuwemo tayari kwenye Mario 3, na mwaka 1996 kwenye Super Mario 64 mlima wa kwanza unaoupanda ni wa mfalme wao. Mwaka 2013, Super Mario 3D World ilipotaka wahusika wanne, ilirudi kuchukua wale wale wanne na tabia zile zile: Luigi wa kuruka juu, binti mfalme wa kuelea, Toad wa mbio.

Kwa hiyo swali la uhalali tuliache hapo. Swali la maana ni lile lako la pili, ni nzuri au mbaya, na hapo wachezaji wanagawanyika kwa haki. Nimewasikiliza wengi, kwenye meza yangu ya ufundi hapa Makoroboi na mtandaoni, na mgawanyiko wao unategemea sana mtu alianzia wapi.

Kaka yako alianzia kibandani. Konsoli za vibanda vyetu zilikuwa mashine za kuiga Famicom, na kaseti zake zile zenye maandishi ya kujigamba kwamba zina gemu mamia kwa maelfu, ukizihesabu unakuta chache zinazojirudia. Mario ya kwanza ilikuwa kwenye karibu kila kaseti kwa sababu za kifundi kabisa. Ni ndogo: kilobaiti 40 tu, haihitaji chipu ya ziada, mtengenezaji wa kaseti za kuiga anaibana pamoja na nyingine nyingi kwa gharama ndogo. Mario 2 ya mboga ni kilobaiti 256 na inahitaji chipu ya kubadilishia kumbukumbu iitwayo MMC3. Kaseti yake ni ghali zaidi kutengeneza, na ikiingia inakula nafasi ya gemu sita. Ile ya Japani ilikuwa ndogo vilevile, ikitumia mwili wa ya kwanza, na waharamia waliihamisha kutoka diski kwenda kaseti. Ndivyo mtoto wa Mabatini alivyoweza kuifahamu gemu ambayo mtoto wa Chicago hakuiona mpaka 1993.

Kuna jambo jingine la kibanda ambalo sijaona watu wakilisema. Mario ya kwanza ni ya wachezaji wawili kwa zamu: ukifa, mwenzako anashika. Kibandani hilo ndilo lilikuwa uhai wa biashara. Wawili wanachangia, foleni nyuma yao inasubiri wafe, na kila anayetazama anajua nini kinakuja. Mario 2 ya mboga ni ya mtu mmoja. Haina saa inayokukimbiza. Unaweza kurudi nyuma, kuingia mtungi, kutoka, kung'oa kila nyasi, kukaa dakika nzima unafikiri. Kwa mwenye kibanda, mteja wa namna hiyo anakalia kiti, na kwa wanaosubiri inachosha kutazama. Gemu hii ilitengenezwa ichezwe sebuleni kwa utulivu, na utulivu huo sisi hatukuwa nao. Nadhani sehemu kubwa ya dharau dhidi yake hapa kwetu imetoka hapo: wengi waliikuta ukubwani, kwenye simu au kompyuta, wakiwa na mazoea ya mikono ya kibandani, wakamrukia adui kichwani kama kawaida, adui asife, wao wakabaki wamesimama juu yake anawabeba. Dakika tatu, wakaifuta.

Mmarekani aliyeipata 1988 akiwa na miaka kumi ana maoni tofauti kabisa. Kwake hii ndiyo Mario 2, hakuna nyingine. Hakuwa na chochote cha kuilinganishia isipokuwa ya kwanza, na ukiziweka pamoja, ile ya kwanza inaonekana kavu. Iliuza kaseti zaidi ya milioni 7. Na wakati huo matoleo ya pili kubadilika umbo lilikuwa jambo la kawaida. Zelda II na Castlevania II, zote za 1987, ziliacha njia za gemu zilizozitangulia, na hadi leo zinagawanya watu vilevile. Hasira nyingi dhidi ya Mario 2 zimekuja kwa kuitazama kutoka mbele, baada ya Mario 3 kurudi kwenye kukanyaga maadui na kuifanya hii ya katikati ionekane kama iliyopotea njia.

Nikueleze sasa ninachokiona mimi ndani yake, maana nimeicheza mno na naipenda waziwazi.

Moyo wa gemu hii ni kubeba. Kwenye Mario ya kwanza, adui ni wa kumruka au kumkanyaga, basi. Hapa unasimama juu yake, unabonyeza kitufe cha B, unamnyanyua, na sasa ni silaha yako. Nyasi ni silaha. Bomu ni silaha, lakini lina muda, na ukichelewa litakulipukia mikononi. Tofali la uyoga unaweza kulibeba, ukalipanga juu ya jingine, ukapata ngazi. Kila kitu kwenye skrini kinakuuliza utakifanyia nini, na hilo kwa gemu ya miaka ya themanini ni utajiri mkubwa.

Mtazame Birdo. Anasimama mwisho wa karibu kila leveli, ana pua kama tarumbeta, anatema yai. Yai linakuja upande wako kwa usawa wa mwili. Mtoto anayeanza anaruka kulikwepa, linapita, anaruka tena, linapita, na hapigi hatua yoyote. Siri ni kuruka ukatua juu ya yai lenyewe likiwa angani. Linakubeba. Hapo hapo unabonyeza B, unalinyanyua chini ya miguu yako, unadondoka ukiwa umelishika, unageuka, unamrudishia. Mara tatu, anakufa. Jambo hilo halifundishwi kwa maneno popote ndani ya gemu, na bado mtoto wa miaka saba analigundua kwa vidole vyake. Kisha leveli ya 4-3 inakuja kukuonyesha kwamba yai hilo hilo linaweza kukuvusha ng'ambo ya maji: unapanda yai la Birdo unasafiri nalo.

Halafu kuna funguo. Unaingia chumbani, funguo iko chini, ukutani kuna vinyago vyekundu vimetulia. Ukiwa huna funguo vinyago havina habari na wewe. Ukiinyanyua tu, kimoja kinatetemeka, kinajing'oa ukutani na kuanza kukufuata. Hakifi. Hakizuiwi na ukuta. Kinapanda mpaka juu ya skrini, kinashuka, kinapita pembeni ya sikio lako, na wewe una ngazi ya kupanda na funguo kichwani. Nimeona watu wazima wakipiga kelele kwa kinyago hicho. Lakini ukiiachia funguo, kinyago kinaondoka. Kwa hiyo mchezaji anayefikiri anairusha funguo mbele, anaifuata, anainyanyua, anairusha tena, na kile chenye kutisha kinageuka hesabu. Ni hofu iliyotengenezwa kwa kanuni mbili tu, na haijachakaa.

Kisha kuna kuchagua. Kabla ya kila leveli unaamua uwe nani, na uamuzi huo unabadilisha leveli. Kwenye ulimwengu wa pili, wa jangwa, kuna mashimo ya mchanga ya kuchimba kwenda chini huku maadui wakishuka nyuma yako. Toad anayang'oa yote kwa haraka kuliko mwingine yeyote, hapo ndipo mahali pake. Kwenye barafu ya ulimwengu wa nne, unaporuka kutoka nyangumi hadi nyangumi huku miguu ikiteleza, binti mfalme anayeelea hewani kwa sekunde moja na nusu anakuokoa maisha, ingawa akifika kwenye nyasi anachelewa kung'oa kuliko wote. Luigi anafika juu ambako wengine hawafiki. Mario hana anachoshinda na hana anachoshindwa. Na hii ndiyo gemu kuu ya kwanza ya Mario ambayo binti mfalme anachezwa, baada ya kukaa kwenye ngome ya gemu ya kwanza akisubiri kuokolewa. Wasichana wanaokuja na kaka zao kwenye meza yangu wanamchagua yeye moja kwa moja, na mara nyingi wanafika mbali kuliko hao kaka zao.

Kasoro zipo. Birdo anarudi mara nyingi mno, na kufikia ulimwengu wa tano unamwona kama mlinzi wa geti. Sarafu hazina kazi isipokuwa kwenye mashine ya bahati mwisho wa leveli, na mashine hiyo inaamua maisha yako kwa kubahatisha. Gemu ni fupi, ulimwengu 7 na leveli 20. Ukimaliza maisha unapewa nafasi mbili tu za kuendelea. Mwisho unagundua yote yalikuwa ndoto ya Mario, na wanaokerwa na hilo wana haki ya kukerwa. Mimi halinisumbui, kwa sababu gemu yenyewe inaanza kwa mlango unaofunguka angani na wewe kudondoka kutoka humo. Dunia ambayo bosi wa mwisho ni chura anayeuawa kwa kulishwa mboga haijawahi kujifanya ya kweli.

Na ile ya kaka yako? Naiheshimu, siipendi sana. Kuna leveli zake ambazo ni kazi ya watu wenye akili kubwa, na anayeimaliza bila kutumia mabomba ya njia ya mkato anapewa ulimwengu wa 9 kama zawadi. Lakini ni mtihani uliotungwa kwa wanafunzi waliokariri kitabu, na sehemu ya maswali yake yanategemea kukuhadaa. Mwenye kuifurahia ni yule anayetaka kujipima. Wachezaji wanaosema hiyo ndiyo Mario 2 halisi na nyingine ni takataka, mara nyingi wanasifu ugumu kuliko gemu yenyewe. Kwa ubunifu, ya mboga inaipita mbali sana.

Kuna jambo dogo la kifundi ambalo huenda limechangia ugomvi wenu. Televisheni zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, na mashine nyingi za kuiga zilizotengenezwa kwa nchi za mfumo huo zilichora picha 50 kwa sekunde. Gemu za Japani na Marekani zilitengenezwa kwa 60. Mwendo wa Mario umefungwa kwenye hesabu hiyo ya picha, kwa hiyo kwenye mashine kama hizo alikimbia polepole kwa sehemu moja ya sita, na muziki nao ulivuta. Kwenye simu yako emuleta, yaani programu inayoiga konsoli, inaendesha 60. Mtu aliyejifunza kuruka kwa mwendo wa kibandani akishika simu yako vidole vyake vitachelewa kila mara, na atakwambia gemu imeharibiwa. Kabla hamjabishana tena, ingia kwenye mipangilio ya emuleta uone imewekwa kwa eneo gani.

Kwa mwanao, anza na hii ya mboga. Miaka 8 ni umri wake hasa. Skrini ya kugusa itamkatisha tamaa, kwa sababu gemu inamtaka ashikilie B akimbie, aachie, abonyeze tena kubeba, na kwenye kioo kidole hakijui kiko wapi. Mtafutie pedi ya bluetooth, za bei nafuu zinatosha. Ukipata njia ya kucheza toleo lililo ndani ya Super Mario All-Stars, hilo ni bora zaidi kwa mtoto: linahifadhi alipofika, na akifa linamruhusu kubadilisha mhusika, jambo ambalo la 1988 haliruhusu. Wenye Nintendo Switch watazikuta zote mbili, yako na ya kaka, kwenye huduma yake ya gemu za zamani. Mtu akikuletea kaseti ya zamani, msiipulize kwa mdomo. Mate na hewa hii ya ziwa vinakula shaba ya meno yake. Chukua pamba na spiriti, futa, acha ikauke.

Mwache aanze na binti mfalme. Usimwambie siri ya mayai ya Birdo mpaka akuulize. Mambo mawili tu mweleze mapema kwa sababu gemu haimwonyeshi vizuri. La kwanza, akichuchumaa na kushikilia chini mpaka mwili uanze kumetameta, kisha akiruka, ataruka juu sana kuliko kawaida. La pili, chupa ya dawa aitupe mahali anapodhani pana kitu, aingie mlango utakaotokea. Upande ule wa giza nyasi zinatoa sarafu, na pakiwa na uyoga uliojificha karibu, ataukuta hapo na atapata kipimo kimoja zaidi cha uhai. Mlango ukifunguliwa mbali na uyoga, uyoga hauonekani, kwa hiyo atahitaji kujaribu na kukumbuka. Njia ya mkato ya 1-3, ile ya kuingia mtungi ukiwa upande wa giza ikupeleke ulimwengu wa nne, usimwonyeshe kwanza. Atakosa jangwa la ulimwengu wa pili, na hapo ndipo atakapojifunza kumtumia Toad.

Kaka yako naye mwekee Lost Levels ya kwenye All-Stars hiyo hiyo, mpe Luigi, na mwombe afike ulimwengu wa tatu bila kupita mabomba ya siri. Akiweza, niandikieni tena, nitamweleza ulimwengu wa A hadi D unafunguliwaje.